Wazee wetu wanaanguka, tusisingizie kadari

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), Aali zake, Masahaba wake na kila mwenye kufuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, katika miji na vijiji vyetu vya Handeni na Korogwe, kama ilivyo sehemu nyingine za nchi, habari ya mzee kuanguka haimshangazi mtu. Ukiuliza kulikoni nyumba ya jirani, utaambiwa bibi ameteleza akitoka chooni usiku, au babu ameanguka akitia udhu na nyonga imevunjika. Watu watakuja kumjulia hali. Mmoja atasema, "Uzee huo." Mwingine atasema, "Ndivyo Mungu alivyopenda." Wa tatu atanong'ona kuwa mzee katupiwa kitu. Kisha watatawanyika. Hakuna atakayeuliza: Je, mzee huyu ana kisukari? Alikula nini kabla ya kumeza dawa? Miguu yake inahisi ardhi? Pale alipoanguka palikuwa na taa?

Hayo ndiyo maswali tunayotaka kuyauliza leo. Wazee hawa ndio waliotufundisha alifu na bee, ndio waliolima, wakakata mkonge na kuuza mahindi ili sisi tusome. Leo wanalala na miguu iliyovunjika, nasi tunaridhika kusema ni kadari.

Kadari haifuti tahadhari

Hapana shaka kwamba kila linalomfika mja limo katika elimu ya Allah (s.w). Kuamini kadari ni nguzo ya imani na hakuna mjadala. Lakini Masahaba, ambao imani yao haina mfano, hawakuifanya kadari kuwa shuka ya kufunikia uzembe.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Umar bin Khattab (r.a) alikuwa safarini kuelekea Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kuwa huko kumeingia tauni. Baada ya kushauriana na watu akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah (r.a) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari ya Allah.

Sasa, ndugu msomaji, lete mfano huo nyumbani kwako. Mzee anayeamka usiku akapapasa gizani kutafuta mlango yumo ndani ya kadari. Na mzee aliyewekewa tochi pembeni mwa kitanda naye yumo ndani ya kadari hiyo hiyo. Tofauti ni kuwa mmoja ana mtoto aliyelisha upande wenye majani, na mwingine mtoto wake kalisha upande mkavu. Kadari haitaulizwa Siku ya Kiyama. Tutakaoulizwa ni sisi.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu, na wanaokufa kwa wingi zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Upande wa kisukari, mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na ugonjwa huo hawakufika asilimia moja. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa asilimia 9.1 walikuwa na sukari iliyozidi kiwango. Tafiti hizi mbili zilitumia njia tofauti, kwa hiyo tusizitoe hesabu moja kwa moja. Lakini mwelekeo unaonekana. Na tazama jambo hili: utafiti wa 2012 uliishia miaka 64. Babu wa miaka 70, ambaye ndiye aliye karibu zaidi na kuanguka, hakuwamo katika hesabu.

Kwa nini mwenye kisukari huanguka

Qur'an inatukumbusha katika Suratur Ruum, aya ya 54, kuwa mwanadamu huumbwa katika udhaifu, akapewa nguvu, kisha baada ya nguvu akarudishwa kwenye udhaifu na mvi. Kwa hiyo mzee yeyote ni dhaifu. Lakini kisukari kinauongezea udhaifu huo mambo kadhaa ambayo ni lazima tuyajue.

La kwanza ni ganzi. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni. Mguu unakuwa haupeleki habari: hapa pana shimo, hapa pana maji, hapa pana mteremko. Mzee anavukwa na kandambili njiani na hana habari. Unaweza kumjaribu mwenyewe nyumbani. Mwambie afumbe macho, umguse taratibu ncha za vidole vya miguu kwa kidole chako, umuulize umegusa wapi. Asipohisi, mpeleke kwa daktari. Vilevile dawa ya metformin ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta ganzi. Hiyo si sababu ya kuacha dawa, ni sababu ya kumuuliza daktari.

La pili ni macho. Kisukari huharibu sehemu ya ndani ya jicho, na mtoto wa jicho huwahi kuja kwa wenye ugonjwa huu. Mzee anayeona ukungu hawezi kukiona kizingiti wala ukingo wa mkeka uliojikunja.

La tatu ni sukari kushuka. Watu wengi wanaogopa sukari ya kupanda tu, lakini sukari ya kushuka humwangusha mtu papo hapo. Mzee amechoma insulini au amemeza glibenklamaidi alfajiri, akashika jembe kwenda shamba bila kunywa hata uji. Saa nne anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anasema maneno yasiyoeleweka, kisha yuko chini. Hapo ndipo watu husema kapandisha mapepo. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe haraka vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda yenye sukari, au juisi ya machungwa, na kule Handeni machungwa hayana uhaba. Apimwe au aangaliwe tena baada ya dakika kumi na tano, na akipata nafuu ale chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

La nne ni kizunguzungu cha kusimama. Kisukari, na wakati mwingine dawa za presha, hufanya presha ishuke ghafla mtu anapoinuka. Mzee kama huyu asiinuke kitandani kwa mkupuo. Akae kwanza ukingoni, achezeshe miguu, kisha asimame huku ameshika kitu.

La tano ni haja ndogo ya mara kwa mara. Sukari ikiwa juu humwamsha mzee mara tatu, mara nne kwa usiku mmoja, na kila safari ni hatari mpya, hasa kwa kuwa misuli ya miguu nayo imepungua nguvu. Na akianguka, mifupa yake huvunjika upesi, na kidonda chake hakiponi upesi.

Mazingira yetu

Mambo hayo matano yatie katika mazingira ya Handeni na Korogwe. Handeni ni nchi iliyoteswa na shida ya maji kwa miaka mingi. Mama wa miaka 65 anabeba ndoo kichwani katika njia ya mawe, na miguu haihisi. Korogwe, ukipanda milima ya Bungu na Vugiri wakati wa masika, udongo unateleza hata kwa kijana mwenye macho mazima. Choo katika nyumba nyingi kiko nje, hatua ishirini au thelathini kutoka mlangoni, na njia haina taa.

Lakini tiba ya mengi kati ya haya haihitaji mfadhili kutoka nje. Mwekee mzee tochi au taa ndogo ya sola kitandani. Mwekee chombo cha haja ndogo chumbani usiku, na wala isiwe aibu. Chimbia nguzo mbili na ufunge mti wa kushika kutoka mlangoni mpaka chooni. Mnunulie viatu vya kufunga kisigino badala ya kandambili. Ondoa mkeka uliokunjamana, sawazisha kizingiti. Mtafutie fimbo inayolingana na kimo chake. Na asikae tu kwa kuogopa kuanguka, kwani mguu usiotumika huzidi kulegea. Kama daktari hana kizuizi, ajizoeze kila siku kukaa na kuinuka kwenye kiti imara mara kadhaa huku mtu yuko karibu. Na swala yenyewe, kwa anayeweza rukuu na sijida, ni kheri ya mwili pamoja na ya roho.

Misikiti yetu nayo

Hapa, ndugu zangu, tuseme ukweli. Misikiti yetu mingi imejengwa kwa ajili ya vijana. Tunachangishana kwa bidii kununua vigae vinavyong'aa, kila mmoja akitaraji sadaka yenye kuendelea. Jambo jema. Lakini kigae kinachong'aa kikilowa maji ya udhu kinakuwa barafu. Mzee anasimama kwa mguu mmoja ili aoshe mwingine, ukutani hakuna cha kushika, sakafu imelowa, na alfajiri taa ya nje imezimwa kubana matumizi. Sadaka yako inamvunja mja wa Allah nyonga, nawe unataraji thawabu?

Mtume (s.a.w) katuwekea kanuni kuwa hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Na katika hadithi iliyomo katika Muslim ametufundisha kuwa imani ina matawi mengi, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Baada ya swala ya Ijumaa tazama mlangoni: viatu vimetapakaa, watu wanasukumana, na mzee yumo katikati na miguu yenye ganzi. Kuvipanga viatu vile ni tawi la imani. Kumpisha mzee atoke kwanza ni tawi la imani. Kumletea viatu vyake mpaka alipo, asije akakanyaga sakafu iliyochomwa na jua bila ya kuhisi anaungua, nako ni ibada.

Kamati za misikiti zifanye mambo manne. Wamwite fundi wa kuchomelea aweke mabomba ya kushika mahali pa udhu na kwenye ngazi. Waweke viti au vigoda mzee atie udhu akiwa amekaa. Watandike mahali pa maji kitu chenye mkwaruzo. Na taa iwake tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Bei yake haifiki bei ya spika moja ya mnarani.

Wako pia wazee wanaoona haya kuswali wakiwa wamekaa kwenye kiti, na wako vijana wanaowatazama kwa jicho la kuwadharau. Hao wakumbushwe kuwa Mtume (s.a.w) mwenyewe aliwahi kuanguka. Anas bin Malik (r.a) amesimulia, na imo katika Bukhari na Muslim, kuwa alianguka kutoka kwenye farasi, akaumia ubavuni, akawaswalisha Masahaba akiwa amekaa. Na alimfundisha Imran bin Husayn (r.a), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale kwa ubavu. Ikiwa bora ya viumbe aliswali akiwa amekaa alipoumia, babu yangu na babu yako wana haya ya nini?

Na maimamu nao wasikie. Mtu mmoja alimlalamikia Mtume (s.a.w) kuhusu imamu anayerefusha swala ya alfajiri, na Mtume akakasirika kwa namna ambayo msimuliaji hakuwahi kumwona amekasirika mfano wake katika mawaidha. Akaagiza kuwa mwenye kuswalisha watu afupishe, kwani miongoni mwao wamo wazee, wadhaifu na wenye haja. Kisimamo kirefu kwa mzee mwenye kisukari na presha kinaweza kuishia sakafuni.

Udhu nao una adabu zake kwa mgonjwa huyu. Akishaosha miguu, aikaushe vizuri katikati ya vidole, kwani unyevu huleta fangasi na vidonda, na mguu wenye kidonda haukanyagi sawa. Maji ya moto mtu mwingine ayapime kwanza, kwa sababu mguu wenye ganzi unaungua bila kulia.

Funga na fatwa za barazani

Ramadhani ina hatari yake. Mzee anatumia insulini, daktari kamkataza kufunga, lakini anafunga kwa kuona haya mbele ya majirani, au kwa sababu mtu barazani kamwambia kuwa kula ni udhaifu wa imani. Alasiri sukari inashuka, anaanguka. Allah (s.w) katika Suratul Baqara amemruhusu mgonjwa kutofunga, amesema anatutakia wepesi wala hatutakii uzito, na ametukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Mzee asiyeweza kabisa, wala hana matumaini ya kuweza baadaye, analisha masikini mmoja kwa kila siku, na ibada yake imetimia.

Na wanaotoa fatwa barazani wakumbuke kisa alichosimulia Jabir (r.a), kilichomo katika Abu Daud. Mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe kichwani akajeruhika, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w) alisema wamemuua, akawalaumu kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, kwani dawa ya ujinga ni kuuliza. Mwenye kisukari anayetaka kufunga amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla, dawa zipangwe upya, na kauli ya daktari mwaminifu iheshimiwe.

Neno kwa tulioko mijini

Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tuko Dar es Salaam, Tanga au Arusha, na wazee tumewaacha Kabuku, Sindeni, Mombo au Magoma. Tunatuma pesa ya sukari na mchele kwa simu na kuona tumemaliza. Sikukuu ya Idd tunapanda basi Mbezi, tunapiga nao picha, tunarudi.

Mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w) akiomba ruhusa ya kwenda jihadi. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akaambiwa jihadi yake iwe kwao. Na katika Suratul Israa, aya ya 23, tumekatazwa hata kuwaguna wazazi wanapofikia uzee wakiwa nasi. Ikiwa mguno ni haramu, vipi kuhusu kumwacha mama atambae gizani kwenda chooni kwa kukosa tochi ya shilingi elfu chache?

Safari ijayo ukipiga simu, usiishie kwenye "hamjambo, mnaendeleaje." Muulize mzee: tangu mwaka uanze umeanguka mara ngapi? Wazee huficha, husema nimeteleza tu, kwa sababu hawataki kutusumbua au wanaogopa kuhamishwa nyumbani kwao. Aliyeanguka mara moja yuko karibu kuanguka tena, hivyo jibu lake lichukue kwa uzito. Muulize: miguu inakufa ganzi? Macho yanaona vipi jioni? Unakula kabla ya dawa? Kisha zungumza na yule mjukuu au mkwe anayeishi naye, maana huyo ndiye mbeba mzigo, umshukuru na umwezeshe. Na ukiamua kumleta mzee mjini, kumbuka nyumba yako ya vigae na ngazi ni ngeni kwake. Iandae kwanza.

Akianguka, msimnyanyue kwa pupa. Muulizeni anaumwa wapi, angalieni kama mguu mmoja umefupika au umepindia nje, kwani hiyo ni dalili ya kuvunjika nyonga. Msimpeleke kwanza kukandwa. Apelekwe hospitali, Magunga kwa wa Korogwe, hospitali ya wilaya kwa wa Handeni, na ikibidi Bombo. Daktari aambiwe wazi kuwa ana kisukari, na sukari ipimwe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa ni mzee, na suala la matibabu yao lilikuwamo humo. Tufuatilie haki zao badala ya kulalamika vibarazani.

Usama bin Sharik (r.a) amepokea kuwa Mtume (s.a.w) aliwaamrisha watu watafute tiba, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Uzee hauna dawa. Lakini giza lina taa, sakafu inayoteleza ina mkwaruzo, sukari ina kipimo, na ukuta mtupu una bomba la kushika. Hivyo vyote viko mikononi mwetu.

Tumuombe Allah (s.w) awaponye wazee wetu, awasamehe waliotangulia, aithibitishe miguu yao hapa duniani na juu ya Sirati, na atujaalie na sisi, tukifika umri wao, tupate watakaotushika mkono. Amin.

Wabillahi tawfiq.